Mkufu wako wa silva unaning'inia kwenye nini? Fundi wa Buru anayejikatia vipete mwenyewe

Vua huo mkufu ulio nao shingoni uuweke kiganjani. Usiangalie pendanti. Angalia pale pendanti inaposhikana na cheni. Utaona duara dogo la waya, lenye mwanya mwembamba mahali ncha zake mbili zinapokutana. Wauza shanga wa tao huliita jampu ringi. Mimi nitaliita kipete, kwa sababu ndivyo lilivyo: pete ambayo haiingii kidole cha mtu yeyote.

Hakuna mtu hununua mkufu kwa sababu ya kipete. Hakuna anayekipiga picha akaiposti. Lakini kikifunguka, pendanti yako inabaki chini ya kiti cha matatu na wewe unaendelea na safari ukidhani bado umependeza.

Kwa mwezi mzima sasa nimekuwa nikishinda Jumamosi zangu kwenye SQ moja ya Phase 4 hapa Buruburu, ambako dada mmoja wa miaka 26 anatengeneza mikufu, bangili na hereni za fedha. Ameniomba nisitaje jina lake wala court yake. Sababu inaeleweka: fedha ni fedha. Basi nitamwita fundi.

Kama wewe si wa Eastlands, nikueleze kidogo. Buru ilianza kujengwa miaka ya 1970, nyumba za familia, phase tano, court baada ya court, na nyuma ya nyumba kauwanja kadogo. Wazee wetu walipanda sukuma kwenye huo uwanja. Waliofuata wakajenga extensheni. Siku hizi ukipita huko nyuma unasikia mashine ya kinyozi, unasikia mtu akirekodi, unanusa rangi ya msee anayechora bodi ya nganya. Mimi mwenyewe nilipotoka chuo kabla ya kumaliza, nilianza kuandika nikiwa kwenye chumba cha namna hiyo. Kwa hiyo msichana mwenye tochi ya gesi kwenye SQ ya mama yake si habari hapa. Habari ni kwamba aliacha kununua kitu ambacho karibu kila mtu wa kazi yake hununua.

Ilikuwa hivi. Mama mmoja wa Jericho alimletea hereni ya zamani ya fedha, kazi ya Lamu, ya marehemu mama yake. Ya pili ilishapotea miaka mingi. Alitaka hiyo moja iliyobaki igeuzwe pendanti aivae kanisani. Fundi aliisafisha, akaichagulia cheni ya fedha halali, na katikati akatia kipete kutoka kwenye pakiti aliyonunua tao, pakiti iliyoandikwa kwamba ni silva.

Wiki tatu baadaye yule mama alirudi. Alikuwa ameshuka kwenye 58 pale Shopping, akapeleka mkono shingoni. Cheni ilikuwepo, hereni haikuwepo. Makanga alisaidia kutafuta, viti vikainuliwa, wapi. Mama hakufoka. Alitoa cheni kwenye bahasha akaiweka juu ya meza ya kazi.

"Cheni yako ni nzuri, mwanangu," alisema. "Haijakatika mahali."

Fundi alitaka kumrudishia pesa zote. Mama akapokea nusu. Ni hiyo nusu aliyoachiwa, ananiambia, iliyomkosesha usingizi.

Usiku huo alimwaga pakiti yote mezani. Akachukua kipete kimoja, akakivuta kwa vidole, kikafunguka bila shida. Akachukua kingine, akakikata katikati na kuangalia pale kwenye kidonda. Ndani ilikuwa njano. Shaba ya njano, ile ya mifereji na kufuli, iliyovalishwa ngozi nyembamba nyeupe.

Tufanye hesabu, maana hii hesabu mtu yeyote anaweza kuifanya kabla ya kutoa pesa. Chukua kipete cha waya wa unene wa milimita 1, tundu la ndani milimita 4. Waya wa kuzunguka duara hilo una urefu wa karibu milimita 16. Fedha ya vito, ile inayopigwa muhuri wa 925, ina uzito wa karibu gramu 10.4 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo kipete hicho kina gramu 0.13 hivi. Mwezi Oktoba 2025 bei ya fedha duniani ilivuka dola 50 kwa aunsi, na aunsi ya masonara ni gramu 31.1. Ukiweka dola kwa shilingi 129, madini yaliyo ndani ya kipete kimoja yanafika kama shilingi 25. Hapo hujamlipa aliyevuta waya, aliyekata, aliyesafirisha wala mwenye duka.

Vipete 100 basi vina fedha ya karibu shilingi 2,500. Sasa ile pakiti ya vipete 100 inayouzwa kwa bei ya chipsi na soda ina nini ndani?

Sina vita na muuzaji. Kwenye biashara ya shanga neno silva ni rangi, kama vile dhahabu ilivyo rangi kwenye kopo la rangi ya ukuta. Shida inaanza pale fundi anapochukua hiyo rangi akaiunganisha na madini halisi, halafu mteja analipa bei ya madini. Shida nyingine ni ngozi. Vipete vya bei rahisi mara nyingi huwa na nikeli chini ya ule weupe, na kuna watu ambao nikeli ikiwagusa sikio linavimba na kuwasha hadi wanaacha kuvaa hereni kabisa. Umoja wa Ulaya uliiwekea mipaka nikeli kwenye vito kwa sheria ya mwaka 1994. Wewe kama umewahi kusema "mimi masikio yangu hayapatani na hereni," huenda masikio yako hayana makosa.

Hiyo 925, kwa ambao hawajui, maana yake ni sehemu 925 za fedha kati ya 1,000, na 75 zilizobaki kwa kawaida ni shaba nyekundu. Fedha tupu ni laini mno, inapinda kama inasikiliza mawazo yako. Shaba ndiyo inaipa mgongo.

Lakini hata kipete cha fedha halali kinaweza kukuaibisha, na hapa ndipo nilipoanza kumsikiliza fundi vizuri. Nguvu ya kipete haitokani na madini pekee. Inatokana na uwiano: gawanya upana wa tundu la ndani kwa unene wa waya. Waya wa milimita 1 na tundu la milimita 4, uwiano ni 4. Hicho ni kigumu, ukikivuta kwa vidole kinakucheka. Waya wa milimita 0.6 na tundu la milimita 5, uwiano unapita 8. Kwa macho vinakaribiana, kwenye picha ya simu huwezi kuvitofautisha, lakini hicho cha pili kinafunguka kikinaswa na uzi wa sweta. Vya pakiti vingi ni vya aina hiyo, kwa sababu waya mwembamba unaokoa madini.

Sheria yake fundi ni kwamba pendanti haitundikwi kwenye kipete chenye uwiano unaozidi 4. Kwa hereni nyepesi anakubali 5. Ukinunua, unachukua kilichopo. Ukijikatia, wewe ndiye unachagua namba zote mbili, unene na tundu, kulingana na uzito wa kazi iliyo mbele yako. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kutengeneza mwenyewe, kubwa kuliko pesa.

Kuna mtego kwenye unene. Video nyingi za mtandaoni hutaja waya kwa namba: 18, 20, 22. Namba 18 ya Marekani ni milimita 1.02. Namba 18 ya Uingereza ni milimita 1.22. Namba ni ileile, waya ni mwingine, na hesabu yako yote ya uwiano imeenda na maji. Sahau namba. Nunua kwa milimita, na kama huna kalipa ya kupimia, omba mwenye duka apime mbele yako.

Waya wenyewe fundi hununua kwa sonara wa tao kwa gramu. Mita moja ya waya wa milimita 1 ina uzito wa gramu 8 na kidogo. Akirudi nyumbani anaupima tena kwa maji, na hii mbinu nimeipenda sana. Unaukunja waya, unaupima ukiwa mkavu kwenye mizani ndogo ya gramu. Halafu unaweka kikombe cha maji juu ya mizani, unairudisha kwenye sifuri, unautundika waya kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini wala kingo, na unasoma namba. Gawanya ile namba ya kwanza kwa ya pili. Fedha ya 925 inakupa karibu 10.4. Shaba ya njano inakupa karibu 8.5. Shaba nyekundu ni karibu 9. Waya wa gramu 20 unatosha kuona tofauti bila ubishi. Sumaku haikusaidii hapa, kwa sababu shaba nayo haishikwi na sumaku.

Kuna watu humletea sarafu za babu wakitaka ziyeyushwe. Ile shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki yenye simba, iliyoanza kutolewa 1921, ina fedha robo tu. Zilizotoka baada ya 1946 hazina kabisa. Anawarudishia, anawaambia wazitunze. Sarafu iliyofaa kweli kwa kazi ya sonara ilikuwa ile riale ya Maria Theresa wa Austria, gramu 28 hivi, fedha zaidi ya asilimia 83, ambayo hata ikipigwa karne ngapi baadaye huandikwa mwaka uleule wa 1780. Ilizunguka Bahari ya Hindi nzima, na masonara kuanzia Oman hadi Ethiopia na pwani yetu waliiyeyusha kutengeneza vito. Si ajabu Waswahili walitumia neno moja kwa madini na kwa pesa. Mara nyingi kilikuwa kitu kilekile, ila kimoja kimepita motoni. Na kwa hakika hao masonara hawakuwa na pakiti ya vipete ya kununua. Walivuta waya wao, wakakata wao.

Basi kazi yenyewe. Nimeitazama mara nyingi kiasi kwamba naiona nikifumba macho.

Kwanza waya lazima uwe laini. Waya uliovutwa huwa umekaza, kwa hiyo anauzungusha kama chapati iliyokunjwa, anachora mstari wa kalamu ya maka juu yake na kuupitisha moto wa tochi taratibu, taa ikiwa imezimwa. Mstari ukipotea na waya ukianza kuwa na wekundu hafifu sana, anatoa moto. Ukingoja hadi uwake kama makaa umechelewa, fedha ya 925 huyeyuka kabla ya nyuzi 900. Baada ya hapo anautumbukiza kwenye maji.

Kisha anahitaji kitu cha mviringo cha kuzungushia. Yeye ana seti ya ncha za drili, na hutumia upande ule laini usio na mikwaruzo. Lakini nimeona pia sindano ya kufumia, msumari, na spoki ya baiskeli kwa vipete vidogo kabisa. Kitu chochote cha chuma kilichonyooka na chenye unene sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kalamu za plastiki zinapinda, aachane nazo mtu.

Anabana ncha ya waya, anaanza kuzungusha. Kila mzunguko ukae kifua kwa kifua na mwenzake, bila nafasi. Mkono wa kushoto unavuta waya muda wote. Ukilegea mara moja unapata tumbo katikati ya springi na vipete vya hapo vinakuwa vya saizi yao wenyewe. Ukimaliza na kuachia, springi nzima inajirudisha kidogo na tundu linapanuka nywele moja kuliko chuma ulichozungushia. Kwa hiyo kama unataka tundu la 4 kamili, zungushia kwenye chuma kilicho chini ya 4 kidogo. Hapa ndipo vitabu vinaishia na daftari lako linaanza: waya huu, chuma hiki, tundu hili. Fundi ana daftari la Kasuku la kurasa 96 lililojaa namba hizo, na ndicho kitu pekee kwenye ile meza ambacho hakuniruhusu kupiga picha.

Sasa kukata, na hapa ndipo wengi wanaoharakisha huharibu. Ukitumia koleo la kukatia waya, linabana pande mbili, kwa hiyo kila ncha inabaki na umbo la paa la nyumba. Ncha mbili za paa haziwezi kukutana vizuri, unabaki na pengo lenye umbo la V, na hapo uzi wa cheni hupita kama mwizi. Fundi anatumia msumeno wa sonara, ambao wembe wake ni mwembamba kama robo ya milimita, meno yakiangalia chini kuelekea mkono. Anaifunga springi kwa seloteipu, anaipachika kwenye kijiti cha mbao, anapaka wembe nta ya mshumaa, na anakata kwa urefu, mstari mmoja kutoka juu hadi chini. Hakuna kusukuma. Uzito wa mkono unatosha. Vipete vinaanguka kimoja kimoja kwenye karatasi.

Kwenye karatasi, si sakafuni, kwa sababu ya vumbi. Mita moja inatoa vipete 60 hivi vya saizi ile tuliyopigia hesabu, na kila mkato unakula robo milimita. Ukijumlisha, kila mita inakula karibu kipete kizima kikageuka unga. Fundi ana mtungi wa Blue Band wa kuhifadhi huo unga na vipande. Ukijaa anampelekea sonara wanafidiana kwa waya mpya.

Kufungua kipete kuna adabu yake. Usikivute kwa upana, umbo la duara likishaharibika halirudi. Shika kila upande kwa koleo lake, koleo zenye midomo bapa isiyo na meno, halafu sukuma ncha moja mbele na nyingine nyuma, kama unafungua mlango. Kufunga ni safari ileile kurudi, ila unapitiliza kidogo huku ukibana ndani, unarudi, unapitiliza upande wa pili, unarudi, mpaka usikie mkwaruzo mdogo wa ncha zikikutana. Hiyo kwenda na kurudi inaifanya fedha ikaze tena, kwa hiyo hupotezi muda. Kisha inua kipete mbele ya dirisha. Ukiona mwanga kwenye kiungo, bado.

Kwa pendanti fundi haishii hapo. Analehemu. Anaipaka boraksi pale kwenye kiungo, anaweka kipande cha lehemu ya fedha kidogo kama mbegu ya mchicha, na anapasha moto kipete chote, si lehemu peke yake, maana lehemu hukimbilia mahali penye joto zaidi. Inachukua sekunde chache. Ghafla unaona mstari unaong'aa ukipita, na kipete hakina mlango tena. Weusi wa moto anautoa kwenye maji moto yenye asidi ya sitriki, ule unga wa wapika jamu. Usiingize kibano cha chuma humo, vito vyako vitatoka na rangi ya pinki kwa sababu shaba iliyo kwenye maji itaruka na kushika juu ya fedha. Tumia cha mbao au plastiki.

Mambo mawili kuhusu lehemu ambayo ningeyaandika kwenye ukuta kama ningekuwa na ukuta. La kwanza, ile ya mafundi wa redio, yenye risasi, isikaribie fedha kabisa. Siku kazi hiyo itakapopashwa moto tena, risasi itaila fedha na kuiachia mashimo. La pili, vile vijiti vya kuunganishia mabomba ya friji. Vinaitwa vya fedha na kweli vingine vina fedha, kwa hiyo msee anaweza kukushauri utumie. Lakini baadhi vina kadmiamu, na moshi wa kadmiamu unaharibu mapafu. Kwenye SQ yenye dirisha moja huo si mchezo. Nunua lehemu ya vito kwa sonara, hakikisha haina kadmiamu, na fungua dirisha na mlango.

Kuna kazi zisizoweza kulehemiwa. Kipete kilicho karibu na shanga, lulu au ngozi kitaziunguza. Hapo anapandisha unene wa waya, au anatia vipete viwili mahali pa kimoja, mianya yake ikiangalia pande tofauti.

Je, inalipa? Nilimuuliza hivyo hivyo. Mchana mmoja anatoa vipete 60, ukihesabu kulainisha waya, kuzungusha, kukata na kusafisha kingo kwa msasa. Kama unauza hereni za shanga za mia mbili pale Mutindwa, sikushauri. Nunua pakiti yako, mwambie mteja ukweli kwamba ni shaba iliyopakwa, akifunguka utambadilishia. Hakuna dhambi hapo. Dhambi ni kumwambia silva. Lakini ukishapiga muhuri wa 925 kwenye kazi yako, huo muhuri unazungumzia kila milimita yake, na mteja hana msumeno wa kukuhakiki. Fundi sasa anatoza zaidi kidogo na anamwonyesha mteja kiungo kabla hajalipa, anampa hata akivute. Wengine wanacheka. Wote wanavuta.

Kama unataka kujaribu na huna pesa ya fedha, anza na shaba nyekundu. Nenda hadwea ununue mita mbili za waya wa umeme wa 1.5, ule wa taa, wenye uzi mmoja mnene ndani. Uvue ngozi ya plastiki yote kabla ya moto. Tafadhali ununue dukani na risiti, si kwa kijana wa kona anayesema aliokota. Wizi wa nyaya ulichangia serikali kusimamisha biashara ya vyuma chakavu Januari 2022, na hutaki kuanza ufundi wako ukieleza mambo kituoni. Hiyo 1.5 si unene, ni eneo la waya ukiukata. Unene wake ni karibu milimita 1.4. Msumari wa inchi 6 huwa na unene wa karibu milimita 6, kwa hiyo utapata uwiano wa 4 na kitu. Kata ncha yake kali kwanza, uilainishe kwa tupa. Zungusha mara thelathini, kata kwa msumeno, funga vipete vyote na uviunganishe viwe cheni.

Halafu shika cheni yako ncha zote mbili, uivute. Kile kitakachofunguka kwanza kitoe, ukiangalie kiungo chake mbele ya dirisha.